Kioo Miguuni pa Santo Niño

Sikio la kulia la Rosenda lilikufa kwa surua akiwa na miaka sita. La kushoto liliuawa na mumewe, Jumapili moja mchana, kwa sababu ya supu ya ukwaju. Dencio alionja kijiko kimoja, akasema chumvi imezidi, akainuka na kumtandika kofi la kiganja wazi kichwani, kofi la mlinzi anayelipwa kwa ubavu wake. Rosenda akaanguka kati ya meza na jiko. Alipoinuka aliona midomo ya mumewe inacheza, inacheza, na hakuna kinachotoka. Tangu siku hiyo nyumba yao ya Sampaloc, mtaa wa majogoo ya kupigana na majirani wasiojua kunyamaza, ikawa kimya.

Dencio akaona raha. Jamani, kuna watu na viatu! Sasa aliweza kumnyatia mkewe na kumpiga teke la mgongo, naye asijue linatoka wapi. Mlango wa jikoni akaupigilia misumari kumi na tisa. Wa mbele akautia kufuli kwa nje kila alipokwenda zamu. Akamshika kidevu amtazame vizuri, akamwambia polepole:

"Humu utatoka kwenye jeneza. Umenielewa?"

Rosenda alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Momoy, aliyepanga chumba cha jirani, wakitenganishwa na ukuta wa plaiwudi. Momoy alikwenda polisi, akaambiwa mambo ya mke na mume yanamalizwa chumbani. Akaenda kwa Dencio mwenyewe, na ngumi zake. Dencio akamng'oa meno mawili ya mbele kwa rungu, kisha akamtupia hayo meno. Momoy hakuwa mtu wa ngumi. Alikuwa mtu wa Raon, mtaa wa vifaa vya umeme, ambako yeye na dada yake walikuwa na meza moja kabla Rosenda hajaolewa, wakichambua mabaki ya mashine za ofisini yanayouzwa kwa kilo. Na ukweli usemwe: kati ya hao wawili, aliyejua kuchomelea waya ni Rosenda.

Ndani ya mabaki hayo Momoy alipata vioo viwili vya herufi, vile vidogo vya kijivu vinavyokaa usoni mwa mashine ya fotokopi, mistari miwili, herufi kumi na sita kila mstari. Vyote viwili kwa bei ya sahani ya tambi. Karatasi ya maelezo hakuna, mabaki hayaji na maelezo. Pini kumi na nne zimejipanga, jua mwenyewe ipi ni ipi. Cha kwanza alihesabu kutoka upande usio wake, akaingiza umeme kinyume, kikachemka na kunuka. Cha pili akatafuta kwanza pini iliyoungana na fremu ya bati, akaanza kuhesabu hapo. Waya nane za herufi na mbili za kuamrisha akazipeleka kwenye tundu la printa nyuma ya kompyuta yake kuukuu. Umeme akauiba kwenye plagi ya kibodi. Akaandika programu fupi: anachokiandika yeye, kinatokea kwenye kioo.

Ikabaki kukifikisha upande wa pili wa ukuta, tena mbele ya macho ya Dencio.

Akangoja Januari, sikukuu ya Santo Niño, Mtoto Mtakatifu. Dencio hakuogopa mtu, lakini ile sanamu ya Mtoto mwenye joho jekundu aliiogopa. Alikuwa akipiga ishara ya msalaba mbele yake hata damu ya mkewe haijamkauka vidoleni. Momoy akabisha hodi na sanduku la vyombo na mkufu wa taa za rangi.

"Heri ya sikukuu, shemeji. Nimemletea Mtoto taa."

"We kibogoyo, hujakoma tu?" Dencio alikuwa na bia mkononi.

"Nimekoma, shemeji. Taa ni za Mtoto, si zako wala zangu."

"Funga uondoke. Ukimgusa dada yako, hayo yaliyobaki nayang'oa pia."

Momoy akatoboa plaiwudi nyuma ya kialtare, akapitisha waya, akatandaza taa, na kile kioo akakiweka miguuni pa Mtoto, katikati ya maua ya plastiki. Dencio akainama kukikagua.

"Na hiki dude?"

"Cha kuandika jina lake Mtoto, shemeji. Liwe linasomeka."

"Mbona hakiandiki kitu?"

Momoy akajikuna kichwa. "Aa! Kumbe kimekufa."

Dencio akacheka mpaka bia ikamtoka puani. "Fundi wa Raon huyo! Meno huna, akili huna!"

Rosenda, aliyepiga magoti pembeni, alisoma midomo ya wote wawili, akakikodolea kioo macho. Hakuna mtu wa Raon ambaye hajawahi kutupa kioo kizima akidhani kibovu. Nyuma yake kuna skrubu ndogo ya kukoleza herufi, inageuzwa hata kwa ukucha. Ikienda mpaka mwisho, herufi zipo lakini hazionekani, na utaapa kwa mama yako kwamba kioo ni maiti. Pale mezani kwao, yeye Rosenda ndiye aliyekuwa akiwakaripia wateja kila siku: "Kabla hujasema kimekufa, geuza skrubu!" Momoy alipokuwa akikusanya vyombo alimtupia jicho, akasokota ukucha wa dole gumba hewani. Vyombo vyote vikaingia sandukuni isipokuwa nyundo ya makucha, iliyobaki nyuma ya joho la Mtoto.

Kesho yake, Dencio alipotia kufuli na kwenda zake, Rosenda akageuza skrubu. Chini ya taa nyekundu yakatokea maneno:

DADA, NIPO

Alilia kwa mara ya kwanza tangu lile kofi.

Kisha akaanza kazi. Mwezi mzima alikuwa aking'oa misumari ya mlango wa jikoni na kuirudisha ikiwa imelegea, vichwa vikiwa palepale. Tatizo ni kwamba kiziwi hajui kelele zake mwenyewe. Momoy ndiye aliyekuwa masikio, na pale tundu la waya lilipobakiza nafasi, macho pia. Jirani akianza kuimba karaoke kwa ile sauti yake ya mbuzi, kioo kiliandika VUTA. Jirani akinyamaza, kiliandika POLEPOLE, KELELE. Na Dencio akikata kona, Momoy akimwona dirishani kwake, kiliandika ANAKUJA, na Rosenda alishindilia msumari kwa kiganja, akaficha nyundo, akageuza skrubu kukiua kioo, akashika ufagio.

Kupigwa hakukupungua. Wiki ya pili Dencio alimvunja kidole kidogo cha mkono wa kushoto kwa kubana mlango wa kabati, sababu hata yeye hakuitaja. Rosenda akakifunga kwa kitambaa na siku ya pili akang'oa msumari wa kumi. Momoy alikwisha kupanga kila kitu: binamu yao kule Bicol anangoja, basi linaondoka saa kumi jioni ya Jumanne.

Jumanne hiyo saa sita kioo kikaandika AMEPANDA JIPNI, ile daladala ya kwenda kazini. Rosenda akasoma, akageuza skrubu kukiua kioo, mazoea yana tabu, akaenda jikoni. Saa nane msumari wa mwisho ukatoka. Akausukuma mlango kidogo, na mwanga wa uchochoro ukaingia mpaka kwenye vidole vya miguu yake. Angeweza kuondoka hapo hapo. Lakini alirudi kumchukua Mtoto. Usiniulize kwa nini, kamuulize mwanamke yeyote wa Sampaloc kama angemwacha Santo Niño na mtu yule.

Akapiga magoti mbele ya kialtare, nyundo ikiwa mkono wa kulia. Wa kushoto ukaenda wenyewe kwenye skrubu.

YUKO NYUMA YAKO
INAMA

Akainama. Rungu likapita juu ya nywele zake na kukikata kichwa cha Mtoto, kikadundia kwenye maua ya plastiki. Rosenda akabiringika, akamwona mumewe ndani ya sare yake, jasho linamtiririka.

"Msumari umeniangukia begani asubuhi, mama," midomo yake ilisema, taratibu, kwa furaha. "Nikasema ngoja nijifanye nimekwenda."

Rungu likamshukia Rosenda begani. Buti likamwingia mbavuni, akasikia kitu kinavunjika ndani, kusikia kwa mwili. Buti tena. "Si nilikwambia utatokaje humu? Sema! Si nilikwambia?" Akainua rungu mara ya tatu, kisha akasita. Macho yake yalikuwa kwenye kioo, ambako herufi zilikuwa zinabadilika.

DADA KIMBIA

Dencio akasoma. Akaufuata waya kwa macho kutoka miguuni pa Mtoto mpaka kwenye tundu la ukuta, na meno yote yakaonekana.

"Kumbe ni wewe, kibogoyo! Kumbe hakijafa!"

Akatupa rungu, akachomoa bastola ya kazini, akaukaza mtutu kwenye plaiwudi, shibiri moja kutoka kwenye tundu. Mgongo alimpa mkewe. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, hatua nne tu. Kioo kilikuwa bado kinamwambia akimbie.

Rosenda hakukimbia.

Risasi ya kwanza aliihisi magotini, kupitia mbao za sakafu. Kioo kikazimika. Ya pili ilipotoka nyundo ilikuwa tayari inashuka, ikamkuta Dencio pale shingo inapoungana na fuvu. Akageuka na macho ya mtu aliyeng'atwa na kiti chake mwenyewe. "We mwana..." Rosenda akampiga mdomoni asimalize. Akampiga alipopiga magoti, akampiga alipolala. Nisikudanganye, huruma hakuwa nayo hata chembe. Hakusikia kilio, alihisi tu mshituko kwenye mpini, pigo baada ya pigo, mpaka mkono ukakataa wenyewe.

"Momoy!" aliita, asijue kama sauti imetoka.

Akakirukia kioo. Akageuza skrubu kulia mpaka mwisho, akaigeuza kushoto mpaka mwisho, damu ya vidole vyake ikikipaka chote. Hakuna kitu. "Kabla hujasema kimekufa," alijiambia, "kabla hujasema kimekufa," na akageuza tena, na tena. Herufi hazikuja.

Akaegemeza kipaji cha uso na viganja vyote viwili ukutani, kando ya matundu mawili ya risasi yaliyokuwa yakifuka moshi. Mkoba wake wa safari ulikuwa kwenye mlango wa jikoni. Mbavu zilimchoma kila alipovuta pumzi. Ndipo kiganja cha kushoto, chenye kidole kilichovunjika, kikahisi kitu kwenye plaiwudi. Pigo moja. Kisha jingine. Hafifu, kutoka chini, karibu na sakafu, pale mtu aliyelala anapoweza kufika kwa mkono.

Rosenda akachuchumaa, akagonga mara tatu kumjibu. Akaingiza makucha ya nyundo kwenye tundu la risasi, akaanza kuubomoa ukuta, na safari hii hakujali kelele.