Alama Moja ya Sikio

Sufu alifika kituo cha polisi kwa miguu, shati limemganda mgongoni, na cha kwanza alichokiona uani ni kondoo wake. Walikuwa nyuma ya pikapu, wamebanana, ndimi nje. Akakohoa, nao wakainua vichwa. Jamani, kukohoa tu, wakamjua. Ungedhani mtu angeruka kwa furaha, lakini Sufu alitafuta ukuta akauegemea. Hii ilikuwa mara ya tatu anaibiwa, na mara mbili za kwanza alijitia kuamini kuwa wezi ni watu wa mbali.

Jina hilo la Sufu alipewa kwa sababu ya mvi zilizomwingia tangu ujana. Mdogo wake, tumbo moja, aliitwa Dogo, na hata sasa ana wajukuu bado ni Dogo. Huyo ndiye aliyekuwa amekaa kwenye benchi ndani ya kituo, miguu ameinyoosha, anachokonoa meno. Askari wa barabarani walimsimamisha asubuhi ile na pikapu ya kuazima, wakamuuliza kondoo ni wa nani. Akawajibu kwa uso mkavu: wangu, tazameni sikio.

Na kesi yote ilikuwa hapo kwenye sikio. Wafugaji wa kule kila nyumba ina mkato wake, na nyumba ya kina Sufu ilikata ncha ya sikio la kushoto kama mkia wa mbayuwayu. Ndugu wakigawana zizi, mdogo huongeza mkato wa pili sikio la kulia, ili kila mtu ajue chake. Baba yao alipofariki, mke wa Sufu alimwambia mumewe mapema kabisa: mwambie Dogo akate sikio la pili. Sufu akakataa katakata. "Mimi na mdogo wangu tuwekeane mipaka kama watu baki?" Akajiona muungwana kweli kweli. Basi Dogo akawauza kondoo wake wote kwa pombe, mmoja baada ya mwingine, akabaki na zizi tupu na alama ile ile ya kaka yake.

Sajini wa kituo, mwanamama wa makamo mwenye macho ya kukosa usingizi, alimvutia Sufu kiti.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba."

"Nisikilize. Mimi nimezaliwa na wafugaji hawa hawa, sina haja ya kufundishwa. Mdogo wako hana hata kondoo wa dawa, kila mtu anajua. Lakini sikio linasema ni wa nyumba yenu, na yeye ni mtoto wa nyumba hiyo. Kwa hiyo nakusikiliza wewe. Ukisema ni wako, namweka ndani, na kesi ya mifugo siku hizi haifutwi eti kwa sababu ndugu wameelewana. Ukisema ni wake, anaondoka nao."

"Wote?"

"Wote, mzee."

Sufu akaangalia sakafu. Wale walikuwa majike wake wote, na wengi wana mimba. Zizini alibakiwa na dume na vilema wawili. Akiwaachia hawa, ufugaji umekwisha, maana umri wake si wa kuanza upya.

Lakini kabla hajaanza safari ya kituoni, alipita kwa mama yao. Mama siku hizi hatoki kitandani, na habari ya pikapu ilikuwa imeshamfikia. Alimshika mkono akamwambia, "Mwanangu, mimi ni wa leo na kesho. Usinifanye nikafa mtoto wangu yuko jela." Hakuuliza kondoo wamekuwaje. Hakuuliza Sufu ataishije. Jambo hilo lilimuuma njia nzima, na akaona haya kwamba linamuuma, mtu mzima na mvi zake.

Akamtupia jicho Dogo. Dogo akaangalia pembeni. Ana aibu, Sufu akajiambia. Akiona nimembeba hivi, moyo utamlainika, jioni atawaleta kwa njia ya nyuma, awaingize zizini kimya kimya, yaishe. Alijiambia hivyo mpaka akaamini.

"Ni wake," akasema.

"Mzee, fikiri kwanza."

"Nimechoka kufikiri, mwanangu. Mwache aende."

Sajini akashusha pumzi, akamrushia Dogo ufunguo wa pikapu bila kumwangalia.

Uani, Dogo alizunguka gari akikagua kamba, na Sufu akamfuata nyuma nyuma, akingoja. Angetosheka na neno lolote. Askari walikuwa wamemshusha jike mmoja aliyekuwa akihema vibaya, wakamfunga kivulini. Dogo akamfungua, akajaribu kumnyanyua, akashindwa.

"Kaka, hebu nishikie huku nyuma. Huyu mzito."

"Unawapeleka wapi?"

"Mnadani. Kuna mtu ananingoja tangu asubuhi."

Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetumwa dukani. Sufu akageuza shingo. Sajini alikuwa amesimama mlangoni, anawatazama, wala hakuwa na haraka ya kuingia ndani. Neno moja tu lingetosha. Sufu alilitafuta, akalikuta, na nyuma yake akaukuta mkono wa mama umemshika.

Akainama, akapitisha mikono chini ya tumbo la yule kondoo. Mtoto akageuka mle ndani, teke likampata kiganjani. Wakanyanyua pamoja, Dogo mbele, Sufu nyuma.

"Asisafiri amesimama," Sufu akasema. "Mlaze ubavu. Na huyo mnunuzi mwambie, huyu yuko karibu kuzaa."

"Sawa, kaka," Dogo akasema, akawasha gari.