Sauti ya Tatu Iko

Mazoezi ya kwaya yalianza Jumatano jioni, katika chumba cha juu ya gereji kule Greyville, Durban, mahali ambapo siku za mashindano unasikia farasi kabla hujamsikia mchungaji. Zénon, mwalimu wa kwaya, ni kinyozi, kwa hiyo aliongoza kwa chanuo. Kiti cha plastiki cha Désiré kilikuwa kitupu kwa sababu Désiré alikuwa amechukuliwa. Ulipofika ubeti wa pili, kiti kile kikakohoa, kikaingia na sauti ya tatu, nyuma kidogo ya wenzake.

Zénon akasimamisha kwaya.

"Désiré, umechelewa."

"Papa Zénon, Désiré haiko," akasema Serge, aliyeketi kiti cha jirani.

"Najua haiko. Lakini kuchelewa amechelewa. Tunarudia."

Wakarudia, na safari hii sauti ikaingia sawasawa.

Désiré alikuwa fundi wa simu. Mteja alimletea simu iliyovunjika kioo, na ndani yake mlikuwa na video ya watu wenye sare wakimpiga mchuuzi wa barabarani mpaka mchuuzi akaacha kujikinga. Wenye sare wakaja dukani, wakamwambia aifute. Akawajibu kwamba kazi yake ni kutengeneza. Kesho yake mchana gari jeupe lisilo na namba likasimama kwenye robot, taa za barabarani, mbele ya duka. Taa ikawaka kijani, gari lisiondoke. Lilipoondoka, Désiré alikuwa ndani yake, na mtaa mzima ulimwona. Kituoni wakasema hawana mtu wa jina hilo na hawajawahi kuwa naye.

Mkewe, Maman Immaculée, msusi, si mtu wa kurudishwa mlangoni. Alisimama kwenye kaunta mpaka sajenti akachoka, akampigia simu mkalimani. Mkalimani alikuwa Mwalimu Chepkoech, Mkenya wa chuo kikuu, mtu mwema, ambaye wakati huo alikuwa anaendesha gari kutoka Queensburgh na kusikia nusunusu.

"Désiré yangu iko na baaskari," alisema Immaculée. "Naitafuta Désiré yangu."

Chepkoech alijua Kiswahili cha vitabuni vizuri mno, si hiki cha kwao Immaculée. Mtu ni yuko. Kinachokuwa iko ni kitu. Isitoshe, aliambiwa mama huyu ana duka la simu. Akaelewa kwamba Désiré ni aina fulani ya simu, akatafsiri hivyo, na sajenti akafungua faili la mali iliyopotea. Faili likishafunguliwa upande huo, halihamishiki. Chepkoech alipopata habari aliendesha gari mpaka kwa Immaculée kumwomba radhi, akaambiwa akae, akasukwa nywele bure, na tangu siku hiyo akawa anakuja mazoezini.

Ni Immaculée, anayeimba sauti ya pili, aliyegundua jambo Jumatano ile.

"Anaimba maneno yake mwenyewe," alisema.

"Siku zote alikuwa hayajui maneno," akasema Zénon.

Wakasikiliza. Wenzake waliimba juu ya kuvuka mto. Yeye, kwa tuni ileile, aliimba juu ya gari jeupe, wanaume watatu, mmoja mnene, funguo shingoni kwenye utepe wa manjano. Hapo wimbo ukawa ushahidi, na ushahidi hupelekwa polisi.

Tatizo ni kwamba sauti ya tatu ikiwa peke yake haiimbi. Immaculée alibeba kile kiti mpaka kituoni, akakiweka mbele ya kaunta, na kiti kikanyamaza kama kiti. Jumatatu iliyofuata akaenda na kwaya nzima, isipokuwa besi, ambao walikuwa zamu kiwandani Jacobs.

"Bila besi itapwaya," alinung'unika Zénon, akainua chanuo.

Haikupwaya. Wimbo ule Wazulu wanao pia, kwa maneno yao. Ubeti wa kwanza haujaisha, afisa mnene akatoka ofisi ya nyuma na kikombe cha chai, akasimama pembeni, akashika besi. Alikuwa na besi nzuri, ya mtu aliyelelewa kanisani. Funguo zake zilining'inia shingoni kwenye utepe wa manjano.

Ubeti wa pili, kiti kikakohoa, kikaingia. Chepkoech akasimama karibu na sajenti, akamtafsiria neno kwa neno: gari, wanaume, mnene, funguo, utepe. Yule afisa akauvua utepe, akautia mfukoni, akaendelea kuimba, maana mtu hawezi kuuacha wimbo hewani.

Ubeti wa tatu kiti hakikuwa na maneno. Kilivuma tu: mm, mm, mm.

"Amesahau tena," alinong'ona Serge.

"Hajasahau," akasema Immaculée. "Wamemufunga kinywa."

Sajenti akapiga makofi, kisha akafungua lile faili. Akaandika: sauti, moja, ya kiume, imepatikana. Akamgeuzia Immaculée atie sahihi, ili achukue mali yake na faili lifungwe.

"Sisaini," alisema Immaculée. "Bwana yangu iko."

Sajenti akamtazama Chepkoech, naye akamtafsiria.

"Sauti iko?" aliuliza. "Si ndiyo hiyo?"

Mwalimu Chepkoech, aliyesahihisha mitihani ya nusu ya vijana wa Durban, alifikiri kidogo.

"Si sauti," akasema. "Mtu. Mtu iko."

Basi faili halijafungwa. Limewekwa kwenye rafu ya vilivyopotea, kati ya mwavuli na kigari cha mtoto, na halitahamia upande wa watu, kwa sababu upande wa watu unataka mtu. Kila Jumatatu kwaya inakwenda. Wanaosubiri kwenye foleni wameshajifunza sauti ya kwanza, na mama mmoja wa Kizulu ameomba joho la kwaya.

Immaculée huwa wa mwisho kuingia, amebeba kiti.

"Désiré iko wapi?"

Sajenti, ambaye neno hilo sasa analijua, hukinyooshea kidole kiti. "Iko."

"Nimeuliza wapi."

Hapo Zénon huinua chanuo. Afisa mnene hutoka na chai yake na kushika besi, kwa kuwa besi wa Jacobs bado wako zamu. Kiti kinakohoa, kinaingia, nyuma kidogo. Ukifika ubeti wa tatu, Immaculée anaacha kuimba, anamgeukia yule afisa na kumtazama usoni. Maneno ya ubeti ule anayajua mtu mmoja tu humo ndani.

Afisa anatazama chai yake, anafunga mdomo, naye anavuma.