Miche ya Kwihara Yafika Ntalikwa

Dokta Sheima Alamin alikuwa mkali wa taka kuliko bwana afya. Miaka ishirini na sita ya kushauri watu juu ya mazingira, Tabora nzima ilishamjua: ukitupa mfuko barabarani naye anapita, utauokota mwenyewe, na hotuba utapewa. Sasa ilibaki kazi moja tu. Akikuta miche ya mradi alioushauri mwenyewe iliyopona Kwihara na Ntalikwa inafika asilimia tisini, anakuwa mshauri mkuu wa kanda. Na cheo alikitaka, asikudanganye mtu.

Kwihara alipokewa na Bi Marcelina, mwenyekiti wa kikundi cha miti cha vijiji vyote viwili. Shikamoo, marahaba, wakaingia shambani. Mikaratusi mia tatu, mistari kwa mistari, kijani kibichi. Sheima alifurahi mpaka akajipongeza kwa pipi. Basi karatasi ya njano ya pipi ikamsumbua mkononi: mkoba uko garini, gauni halina mfuko. Akatazama huku, akatazama kule. Akainama kama anayekagua shina, akaichomeka kwenye udongo wa mche. Ndiyo, yeye huyohuyo!

Kisha akakaribishwa chakula. Alikula kuku, akataka kuaga, akaletewa kuku mwingine. Akaonjeshwa asali ya aina tatu, na kila alipoinuka Bi Marcelina alikumbuka ndugu mwingine wa kusalimiwa. Saa tisa ndipo wakaondoka pamoja kwenda Ntalikwa.

Ntalikwa nako, jamani, miche mia tatu. Sheima alihesabu mstari wa kwanza, wa pili, na katikati ya wa tatu akasimama. Karatasi ya pipi, ya njano, ilikuwa inamchungulia kutoka kwenye udongo. Akauvuta ule mche kidogo. Ukaja mzimamzima na kiriba chake, kile kimfuko cha nailoni cha kuoteshea.

Akisema, ataulizwa amejuaje. Akinyamaza, cheo ni chake, na msitu utabaki kwenye makaratasi. Bi Marcelina alikuwa anatazama mawingu ambayo hayakuwepo.

"Hiyo karatasi ni yangu, mama," Sheima akasema mwishowe. Aibu ilimshika, ya kitoto kabisa.

"Nilikuona, mwanangu. Na miche ni ya Kwihara."

Akaeleza yote. Miche ya mradi iliisha msimu wa kwanza, mchwa waliitafuna. Yeye Marcelina alishasema tangu mwanzo kwamba mikaratusi haiwezi mchwa wa huku, Sheima akamjibu kwa takwimu. Wakaotesha mingine mia tatu kwenye viriba, wakachimba mashimo vijiji vyote viwili, na leo guta la matairi matatu limeihamisha Sheima akiwa kwenye kuku wa pili.

"Lakini kwa nini, mama?"

"Tulitaka upate cheo. Wewe ni mtu wetu."

Sheima akakaa chini palepale, machozi yakimlengalenga huku anacheka. Akatoa kalamu. Miche iliyopona: hakuna. Sababu: ushauri mbaya wa mtaalamu. Chini yake akaandika jina lake kamili, akamwomba Bi Marcelina amtajie miti ambayo yeye angepanda.

"Nitakutajia," Bi Marcelina akasema. "Ila kwanza okota taka yako."

Sheima akaiokota, na hotuba akapewa.