Mbwa Ndani ya Pejo

"Funga vioo vyote, patron," nilimwambia Anselme, mteja wangu kutoka mtaa wa Kibenga, alipoacha gari yake ya Pejo juani mbele ya gereji yangu, mtaani Buyenzi. Miaka ya vita ilikuwa imetufundisha kufunga kila kitu. Akafunga, akaenda na funguo zake kutafuta spea. Hakuniambia kwamba mbwa amelala nyuma ya viti!

Ilikuwa Ijumaa, saa sita na nusu. Nimeshatawadha, nimevaa kanzu nyeupe, napita kando ya gari, mara naona ulimi mrefu umebandikwa kwenye kioo.

"Houda! Leta waya!" nikamwita mke wangu.

"Apana, Twahiru! Ni mbwa, na adhana imeshalia!"

"Ni mi niliyesema vioo vifungwe! Leta!"

Nikapenyeza waya juu ya kioo, kitasa cha mlango kikafunguka. Nikamvuta mbwa hadi kivulini, nikammwagia birika zima la maji ya udhu lililokuwa mlangoni, tumboni na miguuni. Akatetemeka, akainuka, akanilamba uso, mikono, kanzu yote! Nikacheka kama mwehu.

Waliokuwa wakienda msikitini wakasimama. Shehe Shakuru akachota ndoo ya maji bombani, mkono wa pili akashika udongo. Nikaelewa: aliyelambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nikanyoosha mikono.

Shehe akanipita, akaitua ndoo mbele ya mbwa.

"We ngoja," akasema. "Mwenye kiu kwanza."