Ng'ombe wa Nyamburi

Wegesa alikuwa amechoshwa na baba yake, na baba mwenyewe hakuwahi kuwepo. Kila ukurasa ambao kaka yake Florian, mwalimu wa shule, alimletea ampigie taipu dukani kwake Iringo, mjini Musoma, baba yumo. Baba anaamka alfajiri. Baba anafundisha watoto sala. Baba anajinyima uji ili wanawe washibe. Florian alikuwa anaandika kitabu cha maisha yake, mtu hata thelathini hajafikisha. Lakini ndiyo hivyo, zama za ruksa, kila mwenye jambo kifuani analipeleka kwa mpiga chapa.

"Kaka," Wegesa alimwambia siku moja, vidole vikiwa juu ya mashine, "kaburi la Wambura tulikuwaga tunacheza juu yake. Sasa huku kwenye kitabu amefufuka lini?"

"Wewe piga. Kazi yako kutaipu."

Mzee Wambura wa Butiama alifariki miaka mingi kabla wao hawajazaliwa, na hakuacha mtoto. Mjane wake, Nyamburi, hakutaka nyumba ife na mifugo iishie kwa mashemeji. Akatoa ng'ombe, akaoa binti aitwaye Boke. Kwao ni mila ya tangu na tangu, nyumba ntobhu: mwanamke anaoa mwanamke, na watoto watakaozaliwa, kwa mwanaume yeyote, ni wa nyumba ile, wanachukua jina la marehemu. Boke akawazaa Florian na Wegesa, akafa mwaka wa vita, wao bado wadogo. Aliyebaki kuwalea ni Nyamburi, ambaye walimwita Bibi.

Florian aliyajua yote hayo, ila shule ya bweni ndiyo ilimharibu. Siku ya kwanza waliulizwa mmoja mmoja baba zao wanafanya kazi gani. Yeye kwa ushamba wake akasema kweli, kwamba mama yake aliolewa na bibi. Bweni zima likamcheka hadi shule ilipofungwa. Toka hapo akajitafutia baba. Wegesa alimhurumia kwa hilo, lakini huruma nayo inafika mahali inachoka.

Kilichomtia hasira zaidi ni kwamba Bibi mwenyewe alikuwa mjini. Alikuja Musoma kutibiwa macho, akafikia kwa Wegesa, Makoko, na habari za kitabu zilikuwa zimemfikia. "Nasikia mwalimu ameandika habari zetu," alisema. "Anisomee, nisife sijasikia." Wegesa akaona aibu mapema. Mwanamke aliyewalea angesikia kwa masikio yake jinsi alivyofutwa. Akamwomba Florian amtaje hata kidogo.

"Nimemtaja," Florian akasema. "Sura ya nne. Anapika ugali."

Jumapili baada ya misa Florian akaja na tai yake shingoni na karatasi zake kwapani. Bibi alikuwa mkekani uani, anachambua dagaa kwa vidole maana macho hayakumsaidia tena. Florian akakohoa, akasoma kwa sauti yake ya darasani.

Alisoma habari za miaka ya shida, watu wakifulia majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, na maduka yakiwa na rafu tupu. Alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari na hana godoro wala viatu. "Ndipo baba akamtoa ng'ombe wake," alisoma, "akamswaga kutoka Butiama hadi mnada wa Bunda, akilala njiani Nyamuswa. Alirudi mvua ikinyesha, godoro kichwani, amelifunika kwa koti lake."

Koti! Wegesa aliuma meno. Mwaka ule hata mwenyekiti wa kijiji hakuwa na koti. Aliyerudi na godoro alikuwa Bibi, amelifunika kwa kanga yake mwenyewe, na yeye amebaki na gauni lililomganda mwilini kwa maji.

Bibi alikuwa ameacha kuchambua. "Huyo Wambura ni mwanaume mzuri," akasema. "Wangu alikuwaga mlevi."

Florian akajifuta jasho. "Bibi, kitabu hiki kitasomwa na watu wa mbali. Mambo yetu hawatayaelewa."

"Sijakukataza. Kama unataka baba, kaa naye. Ila ng'ombe alikuwa wangu. Yule mwekundu wa pembe moja, nilimkuza mwenyewe toka ndama. Andika ng'ombe alikuwa wa Nyamburi, basi."

"Hilo tu?" Florian alipumua. Akatoa kalamu, akafuta, akaandika, akasoma tena: "Ndipo baba akamtoa ng'ombe wa Nyamburi, akamswaga..."

"Kwa ruhusa ya nani?" Bibi akauliza. "Wambura alikunywa pombe, lakini hajawahi kuiba ng'ombe wa mtu."

Katika nchi ile, anayeswaga ng'ombe asiye wake ana jina moja tu, na si jina la kumpa baba. Florian akafuta tena. "Nyamburi akampa baba ng'ombe—"

"Sikumpa."

"Nyamburi akiongozana na baba—"

"Njia ile nilikuwa peke yangu. Nyamuswa nililala kwenye baraza la watu, kamba ya ng'ombe nimejifunga mkononi."

Wegesa alikaa pale anamwangalia kaka yake akikata mstari juu ya mstari, na kila alipomwondoa baba mahali pamoja, mahali pa pili pakawa hapasimami bila yeye. Mwishowe karatasi ikawa michoro mitupu. Florian akaishusha magotini. Sauti ya darasani ilikuwa imemwisha.

"Watanicheka tena, Bibi."

Bibi akavuta bakuli lake la dagaa karibu. "Watakucheka. Hata kule walikucheka, ukalala kwenye godoro langu, asubuhi ukaamka ukaenda kusoma."

Florian akavua tai, akageuza karatasi upande usioandikwa, akaiweka pajani. "Bibi," akasema, "ile kanga uliyofunikia godoro ilikuwa ya rangi gani?"