Hodi ya Tatu

Siku ya kwanza ya udhamini wake, Jumapili saa mbili kasorobo asubuhi, Nasriya alisimama mbele ya chumba namba 314, kadi mpya shingoni na chupa ya chai ya maziwa mkononi. Aligusisha kadi, taa ikawaka kijani, mlango ukafunguka. Naye, kwa mazoea tu, akapiga hodi.

Chumba kilikuwa kitupu. Akapiga ya pili, akapiga ya tatu, kisha akataka kuingia, na miguu ikakataa. Haikufa ganzi wala haikuuma. Ilisimama pale kizingitini na adabu zake. Shangazi Zakiya, aliyemlea, alikuwa na sheria moja isiyo na mjadala: hodi tatu, asipoitika mtu, geuka urudi. Miguu ikageuka, ikamrudisha mpaka penye ngazi.

Nani alimtuma apige hodi kwenye ofisi yake mwenyewe? Ndiyo hayo ya kulelewa. Hodi ikishapigwa haifutiki.

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, mbele kidogo ya Mawaleh, pembezoni mwa Maskati, chuo cha kusoma falsafa asubuhi na biolojia mchana. Mwaka ule kilianzisha Udhamini wa Anuwai, kwa watu wanaomalizia tasnifu za udaktari na ambao sauti zao, kwa maneno ya tangazo, hazijasikika vya kutosha. Nasriya sauti ya namna hiyo alikuwa nayo. Watu wake walitoka Oman wakaenda Unguja, kisha wakatoka Unguja wakarudi Oman, na tasnifu yake ilihusu Kiswahili kinachosemwa majumbani Maskati. Alipewa mwaka mmoja wa masomo, ofisi, na darasa moja la kufundisha. Masharti yalikuwa mawili: akae ofisini siku nne kwa wiki, na amalize. Akiyatimiza, kulikuwa na nafasi ya uhadhiri wa kudumu ikimsubiri. Alikuwa na miaka thelathini na sita, na kumi na mmoja alikuwa amefundisha kwa mikataba ya miezi minne minne. Aliitaka nafasi ile kwa moyo wote.

Basi kila asubuhi akaendesha gari kutoka Al Amerat, akavuka mlima, akafika. Mlango mkubwa wa chini haukuwa na taabu. Mlinzi wake, Sleyum, alikuwa Mwomani ambaye jamaa zake walirudi kutoka Bujumbura, na Nasriya akipiga hodi pale, yeye alijibu kwa Kiswahili chake cha bara, "Karibu sana, dada." Miguu ikapita bila neno. Lakini karibu ile ilifika mwisho wa ngazi tu. Aliwahi kumwomba Sleyum apande juu, akae chumbani dakika moja.

"Dada, nikiacha huu mlango wananifukuza leo hii," alisema Sleyum, na alisema kweli.

Nasriya akawa anaandika ukumbini, sakafuni, mgongo ukutani. Akiandika mistari mitatu anainuka, anakwenda mpaka dirishani, anarudi, anapiga hodi, anageuzwa. Taa za chumba, zinazowaka zenyewe mtu akiingia, ndizo zilizohesabu mahudhurio. Kila Alhamisi alipata barua pepe: siku ulizokaa ofisini wiki hii, sifuri. Ya sita ilikuja na onyo.

Akaenda kwa mkuu wa kitivo, Daktari Marhoon, mtu mwema na mwenye haraka. Alimsikiliza, akaitazama miguu yake, akasema kwa Kiarabu kwamba chuo kinalichukulia jambo hili kwa uzito mkubwa. Kamati ikakaa. Wiki ya pili yake mlangoni kukabandikwa bango la rangi, limeandikwa KARIBU, na pembeni twiga. Chini yake waliandika mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasriya akapiga hodi. Bango halikujibu.

"Ingia mwenyewe mle ndani, daktari," alimwambia Marhoon alipomrudia ofisini kwake, "useme karibu. Neno moja."

"Mimi?" alisema Marhoon. "Nikikuambia wewe, itabidi nimwambie kila mtu." Akatazama saa, akaenda kwenye kikao.

Nasriya alirudi garini akalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Jumatatu iliyofuata Shangazi Zakiya alikuwamo ndani ya gari, kiti cha mbele, na leso zake. Alikuwa amefariki mwaka juzi, siku ya nne ya mfungo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hebu zima hiyo baridi, mie nnaumwa mabega."

Nasriya akazima kiyoyozi. Chuoni shangazi alipita mlango mkubwa bila kadi, akaamkiwa na Sleyum, akapanda ngazi polepole akilalamikia magoti, akapenya mlango wa 314 ukiwa umefungwa. Kitasa hakuweza kukizungusha amfungulie Nasriya. Yeye alikuwa wa kupita tu. Nasriya akagusisha kadi, mlango ukafunguka.

"Hodi."

"Karibu. Pita ndani, unasimama kama mdeni."

Miguu ikaingia. Taa, ambazo kwa shangazi hazikuwaka, zikawaka.

Tangu siku hiyo kazi ilikwenda. Shangazi alikaa kwenye kiti cha wageni, akisikiliza Nasriya akisoma kurasa zake, na hakuwa mtu wa kuridhika.

"Nani huyo anayesema *ninakuja*? Nyumbani kwetu nani anasema hivyo?"

"Ndiyo Kiswahili sanifu, shangazi."

"Umeandika Kiswahili cha majumbani, au cha redioni? Sisi twasema nnakuja. Andika."

Akaandika. Sura ya tatu akaifumua yote akaisuka upya. Jioni alimwomba shangazi warudi pamoja nyumbani, lakini shangazi alikataa. Akitoka, alisema, nani ataitikia kesho? Akabaki mle kwenye giza, na asubuhi Nasriya alimkuta vilevile.

Mwezi wa Aprili alikuja mpiga picha wa kijitabu cha chuo. Shangazi alitoka vizuri kwenye picha, kuliko hata Nasriya. Daktari Marhoon aliiona, akapanda kwa mara ya kwanza mpaka 314, akasimama ukumbini na fomu. Amezaliwa wapi? Mkunazini, Unguja, alisema shangazi. Lugha ya kwanza? Shangazi akamtazama kama mtu aliyeuliza maji yana rangi gani. Je, ana nia ya kuendelea kuwapo? Nasriya alifasiri.

"Nnakaa," alisema shangazi. "Nnamkalia mtoto huyu."

Marhoon aliandika neno la kwanza tu.

Nasriya alimaliza tasnifu mwezi wa Mei. Aliitetea kwa video, akapasi, Sleyum akamletea halua. Alhamisi iliyofuata ikaja barua pepe. Kamati ilimpongeza Daktari Nasriya kwa dhati. Nafasi ya kudumu, hata hivyo, ilikuwa imekwenda kwa Bi Zakiya, ambaye alizaliwa Unguja hasa, hahitaji bima wala mahali pa kuegesha gari, na amekuwapo ofisini mfululizo usiku na mchana. Sharti la taa alisamehewa. Wahenga walisema kufa kufaana, na kamati ilikuwa imefaidika.

Jumapili Nasriya alikwenda kuchukua vitabu vyake. Kadi haikufungua mlango mkubwa.

"Imeisha juzi, dada, pamoja na udhamini," alisema Sleyum. Hakumtazama usoni. Alimwandikia karatasi ya mgeni, na Nasriya alipopiga hodi akasema, "Karibu," kama siku zote.

Alipanda. Kwenye mlango wa 314 kulikuwa na picha ya shangazi pale alipokuwa twiga. Chini ya mlango hapakuwa na mwanga. Aligusisha kadi, taa ikawaka nyekundu. Akagusisha tena.

"Hodi," alisema.

"Karibu, mwanangu."

Miguu ikaondoka mara moja. Ikaenda mpaka vidole vikagota kwenye mbao za mlango, na haikusimama. Ikaendelea kupiga hatua palepale, kulia, kushoto, kwa sababu imekaribishwa.

"Karibu," alisema shangazi gizani. "Mbona huingii?"

"Nnakuja, shangazi," alisema Nasriya. "Nnakuja."