Vitu Vilivyobarikiwa

Baada ya rozari, Mzee Telesphor aliizungusha karatasi ya sahihi. Jumuiya ya Mtakatifu Yosefu ilikuwa imekutana nyumbani kwake Wembley, viatu vimejaa mlangoni. Karatasi ilimwomba mbunge jambo moja: fedha za umma zisilipie utoaji mimba, ziwasaidie akina mama wanaotaka kuzaa.

"Wanasema mwanamke ana hiari," alisema Telesphor. "Hiari gani, kama mlango uliofunguliwa ni mmoja tu?"

Wote waliitikia, isipokuwa Editruda. Aliipokea karatasi, akaitazama, akampa jirani yake bila kuandika jina.

Wageni walipoondoka, alibaki jikoni akiosha vikombe na Mama Kelvin, mke wa Telesphor.

"Mama Kelvin, nina mimba."

Mama Kelvin alifunga bomba. "Ya nani?"

"Ya mtu ambaye siku hizi hapokei simu."

"Wanaume hawa! Mtu ana simu mbili, na zote ziko bize."

Editruda alicheka, kisha akalia. Alikuwa akifanya kazi ya kutunza wazee, na nyumba aliyopanga na wenzake haikuruhusu watoto. Mwenye nyumba alishamwambia atafute pengine. Kaunsili, halmashauri ya eneo lao, walimjibu kwamba viza yake haimpi haki ya kusaidiwa makazi. Kliniki ilimpa nafasi ya kuitoa mimba Alhamisi, wala haikumdai kitu.

"Sitaki kwenda, mama. Nataka mahali pa kulala tu. Kile chumba cha Kelvin..."

Kelvin alihamia Croydon alipooa. Tangu hapo chumba chake kilikuwa ghala la jumuiya: vigari vya watoto, vitanda vidogo, nepi, nguo za kichanga, vyote vimechangwa kwa ajili ya akina mama wenye shida. Padre alikuja akavinyunyizia maji ya baraka, na watu wakapiga vigelegele.

Mama Kelvin alimweleza mumewe jioni ileile. Telesphor aliufungua mlango wa chumba. Hapakuwa na pa kuweka mguu.

"Tutavitoa Jumamosi," alisema. "Jumuiya ikusanyike, tuvigawe kwa sala."

"Vitoe sasa. Viweke koridoni."

"Koridoni? Watu wanakopitisha mbwa? Mama Kelvin, hivi ni vitu vilivyobarikiwa."

"Na yeye?"

"Sijamkataa. Nimesema Jumamosi. Mwambie avumilie."

Mama Kelvin alimpigia Editruda. Aliona si vizuri kuahidi chumba kabla jumuiya haijakubali, kwa hiyo hakukitaja. "Baba Kelvin analishughulikia, mwanangu. Tunakuombea sana."

"Asante, mama," alisema Editruda.

Alhamisi asubuhi Telesphor alikuwa kanisani. Alipiga magoti kumwombea Editruda, akajaribu kutafuta maneno, na kila alipofumba macho aliona vile vigari. Alimwomba Mungu amfungulie binti yule mlango. Hapo akasimama. Aliondoka kabla ya komunyo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Alifika nyumbani akaanza kutoa vitu chumbani. Muhsin, jirani yao kutoka Pemba, alimkuta koridoni akihema.

"Mzee, wahama?"

"Napokea mgeni."

"Ndo mwenyewe wabeba? Hebu nipishe."

Muhsin alibeba vitanda viwili kwa mpigo, kisha akaleta godoro kutoka kwake. Mama Kelvin alitandika shuka huku akipiga simu. Iliita bila kupokelewa. Alipiga tena na tena, mpaka mchana ndipo Editruda akapokea.

"Mwanangu, chumba kipo tayari! Njoo hata sasa."

"Nimeshatoka, mama."

Mama Kelvin aliketi juu ya godoro. Hakuuliza ametoka wapi.

"Jana nzima nilisubiri mnipigie," alisema Editruda. "Nilisema mkipiga tu, siendi."

"Anakuja saa ngapi?" Telesphor aliuliza kutoka mlangoni, mikononi ana furushi la nepi. Mkewe alimnyooshea simu. Telesphor alimtazama usoni, akaliweka furushi chini, akaipokea.

"Mwanangu," alisema, "kitanda kimetandikwa."

"Cha nini sasa, baba?"

"Cha kwako. Uje ulale."

Editruda hakukata simu. Nyuma ya pumzi zake sauti ya basi ilitangaza kituo cha Kenton, jirani na Wembley, kisha kingine mbele yake. Telesphor aliendelea kuishika simu sikioni.